Kamera Mbili Mezani kwa Shemhilu

Shemhilu aliziweka juu ya khanga iliyokunjwa,
kama mtu anayekuonyesha watoto waliolala.
"Mapacha hawa," akasema. "Chagua kwa mkono.
Macho hayatakusaidia."

Mkongwe wangu alikufa Alhamisi
katikati ya maulidi ya Makorora.
Kioo chake cha ndani kilipanda, hakikushuka tena,
nikabaki nachungulia giza
huku watu wakisema mpiga picha amesinzia.
Miaka kumi na moja alikuwa akipepesa,
kla-ta, kla-ta,
hadi watoto wa Ngamiani wakanibandika jina:
Klata, Klata, njoo utupige!

Hizi hazina kioo.
Ukitia jicho huoni dunia,
unaona runinga ndogo ya dunia.
Mlio wake ni wa mtu anayemeza mate.

Nikapewa siku moja. Baiskeli yangu ikabaki rehani.

Nikaenda nazo hadi Pongwe, kwenye nyuzi za mkonge zilizoanikwa,
weupe ule unaouma macho saa sita za mchana.
Ya kwanza ikauchoma ukawa karatasi tupu.
Ya pili ikaubakishia nyuzi, moja moja, ungeweza kuzihesabu.
Nikasema: ndiyo hii.

Nikarudi mjini nikampiga Fundi Mhando
barazani kivulini, anaziba pancha.
Ya pili ikampaka majivu.
Ya kwanza ikamrudishia wekundu ulio chini ya weusi wake,
ule anaoujua mkewe.
Nikasema: basi ni hii.

Ya kwanza ina nafasi ya kadi mbili, na bei imezidi elfu themanini.
Ya pili ina kadi moja na kishikio kinachojaa kiganjani
kama mpini wa pampu.
Nikaandika mstari katikati ya daftari, faida huku, hasara kule,
hadi kurasa zote mbili zikawa na uzito mmoja
na kalamu ikaisha wino.

Usiku nikazilaza kitandani.
Mwanasha akasogea ukutani:
"Kwa hiyo leo tuko wanne?"
Taa ilikuwa imezimwa. Nikazipapasa.
Ya pili ilikuwa na kitufe kilicholika,
kimelambwa na kidole gumba cha mtu nisiyemjua,
huko ilikotoka, kazi ya miaka.
Gumba langu likaingia humohumo, likakaa.

Hiyo ndiyo sababu.
Nyingine zote niliziunga asubuhi,
watu walipouliza.

Ile iliyobaki aliichukua Twaha wa Chumbageni,
na wiki nzima nikaiota ya Twaha.

Jumapili, harusi ya Mikanjuni.
Yeye kaletwa na upande wa bwana, mimi upande wa bibi.
Tukasimama kulia na kushoto kwa bi harusi,
pacha na pacha, hatusalimiani.
Tukapiga. Kimya.
Tukapiga tena. Kimya.

Baadaye shangazi mtu akataka kuona.
Picha zangu, picha zake:
hina ileile, dhahabu ileile, jasho lilelile juu ya mdomo;
elfu themanini zilikwenda wapi, sikuziona.
Na katika zote, zangu na zake,
bi harusi amefumba macho.

"Sasa mwanangu angejuaje ni saa ngapi?" shangazi akafoka.
"Zamani ilikuwa inalia!"

Tukamrudisha kitini. Ua limeshalegea sikioni,
mashabiki wameshahamia kwenye pilau.
Twaha akanitazama, mara ya kwanza siku ile.
Nikalowesha midomo,
nikabandika ulimi kwenye kaakaa:

kla —

bi harusi akafumbua macho, akatulia,
sote wawili tukabonyeza,

ta.